Usimamizi wa bidhaa kwa anayeanza: mfano wa SafeBoda ya Kampala

Usimamizi wa bidhaa ni kazi ya kuamua kitu gani kitengenezwe au kiuzwe, kwa ajili ya nani, na kipi kiachwe. Wafanyabiashara wengi huifanya bila kuipa jina, na pengine ndiyo sababu huifanya nusunusu.

Mfano wa karibu uko Kampala, katika biashara ya boda boda. Jina hilo lenyewe lilizaliwa mpakani, pande za Busia na Malaba, ambako waendesha baiskeli walivusha abiria kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine. Baadaye pikipiki zilijaa mitaa ya Kampala, na ajali nazo zikaongezeka. Mwaka 2014 Ricky Rapa Thomson, aliyewahi kuendesha boda, alianzisha SafeBoda pamoja na Alastair Sussock na Maxime Dieudonné.

Anayeanza ajifunze kwanza jinsi walivyolitazama tatizo. Abiria hakuwa na kofia ngumu, hakumfahamu dereva, na nauli ilikuwa ya kubishana. Kwa hiyo dereva alifundishwa usalama barabarani na huduma ya kwanza, akavalishwa koti la rangi ya machungwa na kubeba kofia ya ziada kwa abiria. Programu ya simu ilikuwa sehemu tu ya bidhaa. Bila kofia na mafunzo ingebaki njia nyingine ya kuita pikipiki ileile.

Jambo la pili ni kwamba wateja walikuwa wawili. Abiria anataka nauli nafuu, dereva anataka kipato. Ukipunguza nauli bila kumfikiria dereva, ataizima simu na kurudi kijiweni. Msafirishaji wa malori anaijua hali hii: mwenye mzigo na dereva wote wawili lazima waridhike.

Bidhaa pia hubadilika. Machi 2020 serikali ya Uganda ilizuia boda kubeba abiria kwa sababu ya korona, lakini mizigo iliruhusiwa. SafeBoda, ikishirikiana na shirika la Umoja wa Mataifa la UNCDF, iliwaunganisha wachuuzi wa masoko ya Kampala na wanunuzi waliokaa nyumbani. Madereva na pikipiki walikuwa walewale. Kilichobadilika ni kilichobebwa.

Kuvuka mpaka ni mtihani mwingine. Kampuni hiyo iliingia Nairobi mwaka 2018, ikafunga huduma zake huko Novemba 2020, ikitaja athari za korona kwa usafiri wa boda. Kuacha soko ni uamuzi wa usimamizi wa bidhaa kama ulivyo uamuzi wa kuliingia.

Kwa muuza nafaka somo ni lilelile. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye iliyaruhusu kwa masharti, yakiwamo waagizaji kusajiliwa, cheti cha ubora, na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Tangu hapo gunia la mahindi bila cheti ni bidhaa isiyokamilika. Ukaushaji, turubai la kuanikia, kipimo cha unyevu na karatasi za mpakani viingizwe kwenye gharama kabla bei haijapangwa, si lori likiwa tayari kwenye foleni Busia.