Kiingereza sanifu katika shule za Mau Narok

Mau Narok, katika nyanda za juu za Njoro, Kaunti ya Nakuru, ilikuwa malisho ya Wamaasai kabla ya mikataba na Waingereza ya 1904 na 1911 kuwaondoa ili kuwapisha walowezi. Katika mashamba ya walowezi maskwota, vibarua Waafrika walioishi humo, waliamriwa kwa Kiswahili cha kuvunjika. Kiingereza kilibaki lugha ya mwenye shamba na ya ofisi ya mkuu wa wilaya (DC).

Sera ya kikoloni ilitaka Mwafrika asome kwanza kwa lugha ya mama na Kiingereza kije baadaye. Wazazi wengi waliona kwamba wanacheleweshwa makusudi. Shule huru za Wakikuyu, zilizopata chama chao cha KISA mwaka 1934, zilidai Kiingereza mapema, nazo zikafungwa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza kilichofuata: mwanafunzi aliyenaswa akisema Kikuyu aliadhibiwa, na aliyeanguka Kiingereza alihesabiwa ameanguka mtihani mzima. Baada ya uhuru, Tume ya elimu ya Ominde ya 1964 iliunga mkono kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ikairudisha lugha ya eneo katika madarasa ya chini, na penye makabila mengi Kiswahili kikashika nafasi hiyo.

Maswali ambayo wanafunzi wa Mau Narok huuliza kuhusu usahihi wa Kiingereza, na makosa wanayofanya, yana asili yake. Kiswahili hutamkwa kama kiandikwavyo, ilhali tahajia ya Kiingereza ilianza kuganda baada ya Caxton kuleta uchapaji Uingereza mwaka 1476, matamshi yakiwa bado yanabadilika. Ndiyo maana «knife» ina herufi isiyosikika. Neno «anakuja» halitofautishi mwanamume na mwanamke, kwa hiyo «he» na «she» huchanganywa. «A» na «the» hazina kifani katika Kiswahili. Kikuyu hakitenganishi l na r, ndipo «lorry» huandikwa «rorry». Kikalenjini hakitenganishi p na b wala k na g, na «big» huweza kuwa «pik». Makosa haya hayatokani na uzembe; mwalimu anayezijua lugha za wanafunzi wake huyatabiri na kuyarekebisha mapema. Swali la «colour» au «color» nalo lina jibu: Kenya hufuata tahajia ya Uingereza, wakati ya Kimarekani ilienezwa na kamusi ya Webster ya 1828.

Mitihani iliyapa maswali haya uzito. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, ulipima Kiingereza kwa maswali 50 ya kuchagua pamoja na insha ya dakika 40. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, huwa na karatasi tatu za Kiingereza, na sarufi hutahiniwa katika ya pili. Mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017 umedumisha lugha ya eneo katika miaka ya mwanzo, huku Kiingereza kikifundishwa kama somo.