Kutoka matone ya kichanga hadi dripu ya saratani (Sehemu ya 4)

Wengi mmeniuliza: mtoto ana saratani ya damu, mbona anatundikiwa dripu ya dawa ya fangasi? Fangasi si wale wa vidole vya miguu? Ngoja niwape historia yake, maana inaanzia kwenye dawa mnayoijua.

Yale matone ya njano ya utando mweupe mdomoni mwa kichanga, nistatini, yametoka kwa wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown. Walitangaza kazi yao mwaka 1950. Hazen alikuwa jijini New York akiotesha vijidudu vya udongo, Brown mkemia alikuwa Albany, wakawa wanatumiana sampuli kwa posta ndani ya chupa za kioo! Udongo uliozaa dawa ulitoka shamba la marafiki wa Hazen, Virginia. Jina wakalitoa kwenye Jimbo la New York, mwajiri wao. Malipo ya hakimiliki yalizidi dola milioni 13, yote wakayatoa kwa utafiti. Jamani, wangapi tungeweza?

Ila nistatini inatibu pale inapogusa tu, na haifai kuchomwa kwenye mshipa, ni sumu. Fangasi wa mgonjwa wa saratani ya damu wanaingia ndani: mapafu, damu, hata ubongo. Vimbegu vyao tunavivuta sote kila siku kwenye hewa, chembe nyeupe za damu zinavimaliza kimyakimya. Huyu mtoto chembe hizo zimemalizwa na ugonjwa pamoja na kemo.

Mwaka 1965 madaktari wa Marekani walichapisha uchambuzi wa vifo 414 vya lukemia kali. Kuongezewa chembe sahani kulikuwa kumepunguza vifo vya kutokwa damu, na vifo vya bakteria fulani vimepungua pia. Vya fangasi ndivyo vilivyopanda. Unaziba huku, panavuja kule.

Silaha ilikuwa amfoterisini B, kutoka udongo wa karibu na mto Orinoco, Venezuela, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1950. Inaua fangasi kweli, lakini mgonjwa anatetemeka kitanda kizima, homa juu, figo zinaumia. Baadaye ikatengenezwa ya kufungwa ndani ya mafuta, ambayo figo zinaivumilia zaidi.

Sasa dawa kali hivyo unaanzaje kumpa mtu ambaye maabara haijaona fangasi? Jibu lilikuja 1982, Philip Pizzo na wenzake walipowafuatilia wagonjwa wa saratani ambao homa ilikataa kushuka baada ya siku 7 za antibiotiki. Walioongezewa amfoterisini walipata fangasi kidogo kuliko walioendelea na antibiotiki peke yake. Fangasi wanajificha, na ukingoja kipimo unaweza kuchelewa. Kwa hiyo mama, daktari akianza dawa kabla ya majibu, habahatishi.

Mwaka 2002 vorikonazoli ikashindanishwa na amfoterisini kwa wenye aspajilasi, fangasi wa mapafu. Baada ya wiki 12, kwenye kila 100 walikuwa hai karibu 71, dhidi ya 58 wa amfoterisini.

Sehemu ya 5 ni homa nyumbani siku za kemo. Kwa leo shikeni hili: kipimajoto kikifika 38, usisubiri asubuhi, nendeni hospitali usiku huohuo.