Siraya ya Jeraha na Haki ya Waliotumikishwa Vitani

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo:

Mafakihi huita siraya ile hali ya jeraha kuenea kutoka lilipoanzia. Mtu akimkata mwenziwe kidole kwa dhulma, kisha mkono ukaoza, hadhamini kidole peke yake, bali hudhamini mkono. Akifa kwa jeraha hilo, ni diya kamili.

Ndiyo maana haraka haikupendwa. Imepokewa kwa Amr bin Shuaib, kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake, kwamba mtu alichomwa pembe gotini akataka kisasi kabla ya kupona. Mtume (s.a.w.) alimtaka asubiri, naye akashikilia. Alipokwisha kupewa haki yake akawa kiwete, na kilema kile hakikuwa tena na fidia. Jamhuri ya wanachuoni wamewajibisha kungoja mpaka jeraha lipone. Kwa Imamu Shafii kungoja kunapendekezwa.

Sasa tuitazame nchi yetu, kuanzia Ngaka na milima ya Mbinga hadi ufukwe wa Nyasa. Tarehe 13 Agosti 1914 Waingereza waliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, pale Liuli. Septemba 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck lilirudi kutoka Msumbiji, likavuka Ruvuma na kupita nchi ya Songea. Majeshi yote yalibebwa na migongo ya wapagazi, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu. Upande wa Waingereza pekee, vifo vya wapagazi vilivyoandikwa vilikaribia 95,000, vingi kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu.

Je, aliyerejea na kidonda cha mguu, kisha nyonga ikapinda miaka kumi baadaye, angemdai nani? Kwa rai yangu, qiyas ya siraya inamhusu: aliyemlazimisha hana udhuru wa kusema kwamba ugonjwa ulikuja baadaye. Kilichokosekana ni ushahidi.

Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wa zamani malimbikizo yao. Wazee walijitokeza Mwanza, wachache wakiwa na vyeti. Husimuliwa kwamba walipewa ufagio na kuamrishwa gwaride kwa Kijerumani, wakatii bila kukosea. Gwaride lilithibitisha utumishi. Lisingeweza kuthibitisha kuwa maumivu ya uzeeni yametokana na jeraha la ujanani. Hilo huhitaji kauli ya tabibu mjuzi na mwadilifu, kama walivyosema mafakihi. Hata sheria ya Marekani huhesabu ugonjwa uliozaliwa na jeraha la utumishi kuwa sehemu ya haki ya askari, iwapo uhusiano huo utathibitika.

Basi, maimamu wa Ngaka na Mbinga, wausieni waliopigana vita vya Kagera (1978–1979), na vijana wa machimbo ya makaa ya mawe: tunzeni karatasi za hospitali tangu siku ya kwanza, wala msifunge hesabu kabla jeraha halijatulia. Kuandika haki ni katika kuihifadhi.

Wallahu a'lam.