Mnara wa Coucy

Kaskazini mwa Ufaransa, juu ya kilima, pana rundo kubwa la mawe. Hapo ndipo uliposimama mnara wa Coucy. Aliujenga kabaila mmoja, Enguerrand wa Tatu, katika miaka ya 1220 na 1230. Kimo chake kilikuwa meta 55 hivi, upana wake meta 31, na kuta za chini zilikuwa na unene wa kama meta 7. Mfalme mwenyewe, kule Paris, hakuwa na mnara wa kulingana nao. Nasi twadhani ndiyo sababu ukajengwa.

Lakini twataka kumtazama mwanawe, Enguerrand wa Nne. Siku zake, vijana watatu wa Flanders walikaa katika nyumba ya watawa karibu na Coucy ili wajifunze Kifaransa. Siku moja wakatoka na pinde zao kuwinda sungura. Hawakuwa na mbwa. Wakifuata windo lao wakaingia msitu wa Enguerrand, wakakamatwa, naye akaamuru wanyongwe pasipo kuwahoji wala kuwapeleka barazani.

Mkuu wa watawa hakunyamaza. Alipeleka mashtaka kwa Mfalme Louis wa Tisa. Mfalme akatuma askari wa kawaida tu, si makabaila, wakamleta yule bwana Paris na kumfunga katika ngome ya Louvre. Hayo yalikuwa mwaka wa 1259. Enguerrand akadai ahukumiwe na makabaila wenzake, kisha akataka shauri liamuliwe kwa mapigano ya silaha, kama ilivyokuwa desturi yao. Mfalme akakataa. Katika mashauri ya maskini na ya makanisa, alisema, njia hiyo haifai, maana ni vigumu kumpata mtu wa kuwapigania wanyonge juu ya wakuu wa nchi. Hapo alinena kweli, na makabaila walinung'unika sana.

Hata hivyo walimsihi, naye hakumnyonga. Alimtoza faini kubwa mno, akamwondolea mamlaka ya kuhukumu mambo ya misitu, na kumwamuru aweke makanisa madogo ya kuwaombea wale vijana. Sisi hatuna desturi ya kuwaombea wafu. Lakini twaona mfalme hakutaka wasahauliwe. Sehemu ya fedha hizo ilijenga hospitali ya maskini huko Pontoise.

Enguerrand alikufa mwaka wa 1311 bila mtoto, na mali ikaenda kwa jamaa zake. Wa mwisho wa jina hilo, Enguerrand wa Saba, alifia kifungoni kwa Waturuki mwaka wa 1397, na binti yake akaiuza Coucy kwa ndugu wa mfalme. Mwaka wa 1652 serikali iliibomoa ngome isitumiwe na waasi, ila mnara ukasimama. Machi 1917, katika Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walitia ndani yake tani 28 za baruti. Wafaransa hawakuujenga tena. Mawe yaliachwa yalipoangukia.