Tumbaku ya Shambani: Ilikotoka Hadi Kufika Jikoni

Leo tuzungumzie tumbaku ya shambani, ile inayoanikwa jikoni ikauke, kisha isokotwe kwa karatasi ya gazeti au isagwe kuwa ugoro.

Wengi hapa Msambweni na Diani huiona haina neno kwa kuwa ni ya asili, haikutoka kiwandani. Lakini asili yake si huku. Mmea huu ni wa bara la Amerika. Wazungu waliuona mwaka 1492, Columbus alipofika visiwa vya Karibea. Wareno walifika Mombasa mwaka 1498, na katika karne zilizofuata mazao mengi ya huko yakaja pwani: mahindi, muhogo, hata mkanju tunaodhani ni wetu tangu zamani. Mkanju umelipa karo za watoto. Tumbaku nayo imetuletea kikohozi.

Ikaingia kwenye tambuu pamoja na popoo na chokaa, ikaingia kwenye kiko na kwenye kikopo cha ugoro cha mzee. Chokaa na magadi huifanya nikotini iingie mwilini upesi zaidi. Ndiyo maana kichwa huzunguka.

Madhara yalichelewa kujulikana. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walionyesha kuwa sigara inahusiana na saratani ya mapafu. Kenya iliridhia mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, ikatunga sheria yake mwaka 2007. Sasa pakiti ya dukani lazima iwe na onyo. Msokoto wa nyumbani hauna pakiti, basi onyo utalisoma wapi?

Mjamzito akivuta au akitumia ugoro, mtoto aweza kuzaliwa na uzani mdogo au kabla ya wakati. Kwa anayenyonyesha, nikotini hupita kwenye maziwa. Na baba akivuta chumbani, moshi wake huchangia nimonia na pumu kwa mtoto.

Majani yaliyobaki yawekeni mbali na watoto. Mtoto akiyatafuna hutoka mate mengi, hutapika, hupauka, pengine hupata degedege. Mtoe masalio mdomoni. Usimtapishe, wala usimpe maziwa eti yavunje sumu. Mkimbize hospitali ya Msambweni au zahanati iliyo karibu, na ubebe kipande cha jani hilo wahudumu wakione.