Kuwasimulia watoto wadogo habari ya Baraka na Fizi

Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wenye heri mashahidi wanne waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Tangu siku ile sisi makatekista wa Lulimba tumekabidhiwa kazi ambayo katekisimu ya maswali na majibu haikututayarishia: kuwasimulia watoto wa miaka sita au saba mauaji yaliyofanyika katika nchi yao, kwa mikono ya watu wa nchi yao.

Habari yenyewe ni fupi. Alasiri gari la wapiganaji lilisimama mbele ya misioni ya Baraka. Bruda Vittorio Faccin, Mwitalia wa miaka 30, alitoka kuwalaki. Alipokataa kupanda gari, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara alikuwa kanisani akiungamisha. Akatoka, akaamriwa kupanda. Yeye akapiga magoti kando ya maiti ya mwenzake, akauawa papo hapo. Jioni, kule Fizi, Padri Giovanni Didoné aliwafungulia mlango, naye akauawa pamoja na Padri Albert Joubert, mwana wa mama Mkongomani na wa Kapteni Léopold Joubert, yule aliyepigana na wafanyabiashara wa watumwa kando ya Tanganyika.

Mwanzoni tulisimulia vibaya. Tuliwaeleza Wasimba kana kwamba ni wanyama wa porini, tukidhani watoto watawapenda mashahidi zaidi. Mtoto mmoja akainua mkono: "Babu yangu alikuwa Simba. Naye alikuwa mnyama?" Siku ile tulikosa jibu.

Tungalipaswa kujua. Katika Fizi yetu wengi walifuata uasi: wengine kwa hasira ya kuonewa, wengine kwa kulazimishwa, wengine kwa kuwa kijiji kizima kilikimbilia msituni. Mwaka 1965 Lulimba yenyewe ilikuwa mstari wa vita. Jeshi la serikali lilikuwa hapa, na waasi, pamoja na Wakuba wa Che Guevara, walilikabili kutoka upande wa Fizi. Watoto wawili wanaoketi benchi moja leo, huenda babu zao walilengana bunduki.

Basi tumebadili mwenendo. Jina la aliyefyatua risasi hatulitaji. Tunaanzia kwa Padri Carrara aliyepiga magoti, kisha tunauliza: kwa nini hakukimbia? Watoto hujibu haraka kuliko sisi: "Kwa sababu mwenzake alikuwa amelala chini." Hapo ndipo tunapokaa muda mrefu. Ni nani wewe huwezi kumwacha peke yake? Mmoja alimtaja mdogo wake mwenye homa, mwingine mbuzi wa nyumbani, nasi hatukumcheka.

Wazazi kadhaa wanatuomba tunyamaze hadi watoto wakue. Tunaheshimu hofu yao, lakini hatukubaliani nao. Watoto hawa wanaijua bunduki kabla ya herufi, na habari za vita wanazisikia usiku mekoni, mara nyingi kama deni linalongoja kulipwa.

Jumapili moja walitaka kuigiza. Waliotaka kuwa Padri Carrara walikuwa wengi. Wa kushika bunduki hakupatikana, na yule mjukuu wa Simba tulimwona akituangalia. Hatukumlazimisha mtu. Aliyechaguliwa akapiga magoti, na mbele yake hapakuwa na mtu.