Ndege Moja, Wanunuzi Wawili

Kama unadhani kuuziwa ploti yenye mwenyewe ni mambo ya Kenya pekee, tulia nikupe hii.

Mwaka 1978, Illinois huko Marekani, watu walinunua ndege mpya. Wakalipa yote, wakaenda nayo. Karatasi za mauzo? Walipewa fotokopi tu, muuzaji akawaambia hayo mambo ya makaratasi atashughulikia yeye. Kumbe jamaa aliiuza tena kwa kampuni ya Philko Aviation! Hao waliambiwa ndege iko Michigan inawekewa vifaa vya elektroniki. Ndege hawakuipata, lakini karatasi orijino walipata, na baadaye benki yao ikazisajili.

Sasa ndege ni ya nani?

Mahakama za chini zilisema ni ya waliokuwa nayo. Lakini 1983 Mahakama ya Juu ikakataa. Tangu 1938, sheria ilitaka mauzo ya ndege yaandikwe na kupelekwa kwenye sajili moja ya serikali. Bila hivyo, mauzo yako hayamfungi mtu mwingine aliyenunua bila kujua. Kesi ikarudishwa chini, iangaliwe kama Philko walikuwa wanajua ukweli.

Inauma, lakini fikiria: ndege leo iko Chicago, kesho iko Texas. Utamjuaje mwenyewe kwa kuangalia tu nani ameishika?

Kwa hivyo muuzaji akikwambia, "Wewe chukua gari, jina tutabadilisha baadaye," kumbuka ile ndege. Pesa isitoke kabla ya karatasi.